Jina la Mbwa wa Mzee Bikoni

"Hajala tangu juzi," Mama alinong'ona, macho yake yakiwa ndani ya beseni la vyombo kana kwamba anaongea na sabuni.

"Nani hajala?"

"Nani mwingine? Jemadari."

Binti yake aliweka chini kikombe alichokuwa akikifuta. Kupitia dirisha la jikoni aliliona bakuli la bati la mbwa limelala kando ya banda, kavu, sisimizi wawili watatu wakilizunguka na kukuta hamna kitu. Saa ya ukutani ilionyesha saa tisa na robo alasiri. Mgeni alialikwa saa kumi.

"Mama, mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Baba yako kachukua ufunguo wa banda juzi jioni kautia mfukoni. Leo asubuhi nimekwenda kuleta mifupa kama kila Jumamosi, namwuliza nimpe, ananiambia weka kwenye friji. Namwuliza kwa nini. Anasema leo ana kazi naye."

"Kazi gani?"

Mama alichukua sahani aliyokwisha kuisuuza akaisuuza tena.

Binti huyu tumwite Mkutubi, maana ndivyo alivyoitwa na mwanamume aliyempenda, na kwa kweli ndiyo kazi yake. Alikaa kwenye dawati la mbele la maktaba, mtaa wa tatu kutoka kwao, akiandika vitabu vinavyotoka na vinavyorudi. Alikuwa na miaka ishirini na sita, sauti ya chini, na uoga wa mbwa usiokuwa wa kudeka. Alipokuwa na miaka saba mbwa wa njiani alimng'ata kwenye shavu la mguu akamburuta mpaka watu walipokuja na fimbo. Kovu lipo mpaka leo. Baba yake alipomleta nyumbani Jemadari, miaka minne iliyopita, Mkutubi alijipangia njia yake: mlango wa jikoni, mgongo ukutani, hatua kumi na nne mpaka getini, zote ameshika pumzi. Katika miaka minne hiyo hakuwahi kumgusa mbwa yule hata kwa ncha ya kidole.

Sasa alijifuta mikono. Alichukua simu akampigia mwanamume huyo. Ililia, ililia, ikapokelewa na mwanamke wa pale buchani kwake, sauti imejaa kicheko.

"Shemeji! Unamtafuta Msumeno? Simu yake hii hapa, kaisahau kwenye droo. Mwenyewe katoka saa saba."

"Kaenda wapi?"

"Si kwenu! Kaanzia kinyozi. Shemeji, ungemwona, ungekufa kwa kucheka. Kajisugua kwa sabuni ya kufulia mara tatu, mikono mpaka mabegani, kisha kamalizia kwa malimau. Kanukia mpaka wateja wanauliza hapa bucha au saluni. Anasema hataki ukweni wamsikie harufu ya damu."

"Akirudi hapo, mwambie asije. Tafadhali, mwambie asije kabisa."

Kicheko kilikatika. "Kuna nini?"

"Mwambie tu."

Lakini hangerudi bucha, na Mkutubi alilijua hilo. Alikata simu akabaki ameishikilia kifuani.

Walivyokutana yeye na Msumeno, mtu angesema ni mzaha. Ilikuwa miezi minane nyuma. Kijana mrefu, mabuti meupe ya mpira yamesafishwa lakini bado yanachuruzika maji, alisimama mbele ya dawati lake akauliza kwa heshima, "Dada, mna kitabu cha mbwa?"

"Mbwa gani?"

"Rotwaila. Kuna mama mmoja namkatia mifupa ya mbwa wao kila Jumamosi. Anasema mumewe huwaambia wageni wote kwamba jina hilo maana yake ni mlinzi wa mfalme. Mimi nikajiuliza, mfalme yupi? Likanikaa kichwani wiki nzima. Nakata nyama, nawaza mfalme."

Mkutubi alimtambua mama huyo na mumewe na mbwa wao papo hapo, akanyamaza. Alileta kitabu kikubwa chenye picha, wakakiinamia wote wawili, vichwa vyao karibu kugusana, akamsomea taratibu akitafsiri. Rottweil, kilisema kitabu, ni mji mdogo wa zamani huko Ujerumani, uliokuwa na soko kubwa la ng'ombe. Mbwa hawa walikuwa wa wachinjaji wa mji ule. Waliswaga ng'ombe, wakavuta mikokoteni ya nyama, wakalala nje ya milango ya mabucha. Watu wakawaita mbwa wa wachinjaji wa Rottweil. Miaka ikapita, jina likafupishwa, wachinjaji wakaachwa njiani ukabaki mji peke yake.

Msumeno alicheka. Alijaribu kuzuia, akaziba mdomo kwa kiganja, kicheko kikatokea puani, na mzee aliyekuwa akisoma magazeti pembeni akakunja gazeti lake kwa hasira. "Mfalme gani tena! Ni mwenzetu huyu! Ni mbwa wa bucha!"

"Mzee mwenye mbwa huyo ni baba yangu," Mkutubi alimwambia.

Kicheko kilikufa pale pale. Kijana alimtazama, naye akatazamwa, na kati yao kukawa na kimya ambacho hakikuwa cha maktaba.

"Usimwambie," Mkutubi alisema. "Usimwambie mtu yeyote. Jina la mbwa yule ndilo fahari yake. Cheti cha ukoo wake amekitia fremu, kipo ukutani juu ya picha ya harusi. Atafedheheka."

"Naapa," alisema Msumeno. "Sitamwambia hata akinikaba koo." Jumatano iliyofuata alirudi kuazima kitabu. Na Jumatano iliyofuata. Cha ajabu ni kwamba vitabu vile alivisoma kweli.

Baba aliposikia kwamba kijana huyo anataka kumwoa binti yake, wiki tatu zilizopita, aligonga meza. Huyu ni Mzee Bikoni, mpima ardhi mstaafu, ambaye mtaa ulimpa jina hilo kwa zile nguzo fupi za zege zinazochimbiwa kwenye pembe za viwanja: ukishaichimbia haiondoki, ukiigonga unaumia wewe. "Mkata nyama?" alinguruma. "Nimepima nusu ya mji huu, binti yangu aolewe na mtu wa kunuka damu?" Mkutubi akalia siku kumi. Kisha Jumatano hii, bila kuulizwa, Baba akasema mezani, "Mwambie aje Jumamosi saa kumi. Nataka kumwona." Mkutubi alilia tena, kwa furaha, akambusu baba yake mkononi.

Sasa alisimama jikoni, akajifuta midomo kwa kiganja.

Alivuta pumzi akatoka kwa mlango wa mbele. Angemwahi njiani. Angemrudisha kwa nguvu, kwa machozi, kwa chochote.

"Unakwenda wapi?"

Baba alikuwa ameketi barazani kwenye kiti chake cha mikono, amevaa shati jeupe la sherehe. Mguuni pake alilala Jemadari. Hakuwa amelala hasa. Kichwa kilikuwa juu, kichwa kipana cheusi chenye madoa mawili ya kahawia juu ya macho, na uzi mrefu wa mate ulining'inia mdomoni ukifika sakafuni. Tumbo lake lilikuwa limeingia ndani. Mnyororo wake ulizungushwa kwenye mkono wa Baba, kiganjani mpaka kiwikoni, mizunguko minne, Mkutubi aliihesabu.

"Nakwenda dukani mara moja, Baba."

"Duka halikimbii. Rudi ndani."

"Baba, mbwa ana njaa."

"Najua."

"Baba, nakuomba. Kama humtaki sema humtaki. Nitamwambia mwenyewe, sitaonana naye tena, nakuapia. Lakini mfungie Jemadari."

Mzee alimtazama, na machoni mwake palikuwa na kitu ambacho Mkutubi hakukielewa, kwa maana hakikufanana na hasira. "Mwanamume anayetaka binti yangu apite hapa," alisema, akionyesha njia ya vigae kutoka getini, "aketi pale, anijibu maswali manne. Akikimbia, amejikimbiza mwenyewe. Mimi sikumgusa."

Na hapo kengele ya geti ikalia. Ilikuwa saa kumi kasoro dakika nane. Msumeno naye, kwa kutaka kusifiwa, akawahi.

Jemadari aliinuka. Sauti iliyomtoka haikuwa kubweka. Ilitoka chini sana, kama mtu anayeburuta kabati zito chumba cha pili, na nywele zote za Mkutubi zikasimama. Kovu la mguuni likaanza kuuma, kovu la miaka kumi na tisa.

"Ingia, limeegeshwa tu!" Baba aliita.

Msumeno aliingia. Alikuwa amenyolewa vizuri, suruali imepigwa pasi mpaka mkunjo wake unakata, na mikono yake imesuguliwa mpaka ikawa myekundu. Alimwona Mkutubi mlangoni akatabasamu. Kisha akamwona mbwa, na tabasamu likabaki usoni bila mwenyewe.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Keti."

Kiti kilikuwa kimewekwa hatua tatu mbele ya mbwa. Mkutubi alielewa sasa: Baba alikuwa amekipima. Miaka thelathini na mitano ya kupima, na leo amepima urefu wa mnyororo.

Msumeno aliketi. Mkutubi alijaribu kumwambia kwa macho: nenda, ondoka, kimbia sasa hivi. Yeye aliyapokea macho yale akayajibu kwa yake, na jibu lilikuwa hapana. Akampenda kwa jibu lile, na hapo hapo akatamani kumpiga.

"Unafanya kazi gani?" Baba aliuliza.

"Nauza nyama, Mzee. Bucha la kona, karibu na shule."

Mzunguko mmoja ukaachiwa. Mnyororo uligonga vigae, Jemadari akasogea hatua moja, macho yake hayatoki kwenye koo la mgeni.

"Na kwenu? Ni watu gani?"

"Wachinjaji, Mzee. Babu alikuwa mchinjaji. Baba mchinjaji. Na mimi."

"Huoni haya?"

"La. Watu wanakula, Mzee."

Mzunguko wa pili. Mbwa alikuwa sasa amesimama kati ya viti viwili, mdomo wazi, na pumzi yake ilisikika mpaka mlangoni. Kijasho chembamba kilimtoka Msumeno kwenye paji la uso. Mkutubi alishika fremu ya mlango.

"Huyu mbwa," Baba alisema polepole, "namjua baba yake, na babu yake, na babu wa babu yake. Vizazi vinne, vimeandikwa na kupigwa muhuri. Unajua aina yake inaitwaje?"

"Rotwaila, Mzee."

"Na maana yake?"

Msumeno alimtazama Mkutubi. Neno moja lilimtosha kumwangusha mzee yule kutoka kwenye kiti chake cha enzi, na neno hilo alikuwa nalo ulimini. Mkutubi alimwona akilishika, akilipima, akilimeza.

"Nasikia ni mlinzi wa mfalme," alisema Msumeno.

Badala ya kufurahi, Baba alikunja uso. Ni kama alikuwa ametarajia jibu lingine. Mzunguko wa tatu ukaanguka, na Jemadari akawa amefika magotini pa mgeni, anamnusa. Alinusa viatu. Alinusa suruali. Alinusa mikono, na hapo midomo yake ikajikunja meno yote yakaonekana, meupe, marefu, mpaka yale ya nyuma.

"Unaogopa?"

"Naogopa, Mzee." Sauti ya Msumeno ilikuwa imepasuka. "Naogopa sana."

"Geti lile pale. Halijafungwa."

"Nimeliona. Lakini siondoki."

Upepo mdogo ulipita barazani ukamletea Mkutubi harufu ya malimau. Ndipo akili ilipomjia. Miaka minne, kila Jumamosi, mbwa huyu alikuwa akila kutoka kwenye mikono ya mtu huyu. Kila kifurushi cha mifupa kilifungwa na vidole hivi, kikaloa harufu ya viganja hivi. Katika dunia nzima hapakuwa na harufu ambayo Jemadari aliipenda kama ile. Na Msumeno, kwa heshima, kwa kutaka kuwapendeza wakwe, ameisugua yote ikaenda na maji. Amejiua kwa adabu.

Aligeuka akakimbilia jikoni. Friji lilikuwa wazi, Mama amesimama mbele yake, kifurushi cha karatasi ya kaki kiko mikononi mwake, kamba bado imefungwa kwa lile fundo la Msumeno la masikio mawili.

"Nilitaka kumpelekea," Mama alisema, machozi yakimtiririka. "Miguu imekataa, mwanangu. Miguu imekataa."

"Nipe mimi."

"Wewe? Na mbwa?"

"Nipe, Mama!"

Kutoka mlango wa mbele mpaka pale alipokuwa mbwa ni hatua sita. Mkutubi alizipiga huku meno yakimgongana. Hakuna ukuta wa kuegemea, hakuna fimbo, yeye na karatasi iliyolowa tu. Alitaka kumpa Msumeno kifurushi, basi, hivyo tu. Jambo moja hakuliwaza, naye ndiye mwenye kovu: mbwa mwenye njaa ya siku mbili haulizi kifurushi kinapelekwa kwa nani.

Jemadari aligeuza kichwa. Akaacha kumtazama Msumeno. Akamtazama yeye.

"Binti, rudi!" Baba alipaza sauti. "Rudi nyuma! Jemadari! Kaa! Kaa nakwambia!"

Mnyororo ulikaza, ukamvuta mzee kutoka kitini, ukamburuta magoti mpaka vigaeni, kisha ule mzunguko wa mwisho ukamchomoka mkononi. Mkutubi alisikia chuma kikikimbia kwenye vigae. Aliona kifua cheusi kinakuja, mdomo uko wazi, na mwili wake wote ukafa ganzi. "Kitupe!" Baba alikuwa akilia, ndiyo, akilia. "Kitupe hicho, mwanangu, kitupe!" Vidole vilikataa kufunguka. Alikuwa na miaka saba tena.

Kisha kukawa na mgongo mbele yake, mgongo wa shati lililopigwa pasi. Msumeno alikuwa ameruka kutoka kitini akajitia kati. Alikichukua kifurushi kwenye vidole vya Mkutubi kwa mkono alioupeleka nyuma, akakipasua, akaingiza viganja vyote viwili ndani ya mifupa na mafuta na damu, akavitoa akavishusha chini, vimefunguliwa, mbele ya mdomo wa mbwa.

"Haya, mwenzangu," alisema. "Ni mimi. Ni mimi wa Jumamosi."

Jemadari alisimama ghafla mpaka kucha zikateleza. Alinusa kiganja cha kulia. Akanusa cha kushoto. Akakilamba mara moja, polepole, kutoka kwenye kifundo mpaka kwenye ncha za vidole. Halafu mbwa yule, jemadari mzima wa vizazi vinne, akaketi chini kwa matako yake mapana akaanza kulia kwa sauti nyembamba ya kuomba.

Mkutubi alijikuta ameketi sakafuni. Hakukumbuka kuketi.

Msumeno alipiga magoti akaanza kumlisha, kipande baada ya kipande, taratibu, asije akavimbiwa. Alichukua mfupa wa duara, ule wa katikati ya paja uliokatwa kama pete, akaunyoosha.

"Siyo huo!" Baba alipaza sauti kutoka chini alikokuwa. "Siyo pete, utamkwama kwenye taya la chini, hautoki mpaka ukatwe kwa msumeno! Mpe goti. Na ulipasue kwenye kiungo, usiligonge katikati, litatoa vibanzi vya kumchoma koo. Baba yangu alikuwa akizitupa pete zote kwenye..."

Akajiziba mdomo kwa kiganja.

Msumeno aliinua kichwa, goti la ng'ombe mkononi. Alimtazama mzee kwa macho mapya, macho ya mtu wa kazi moja. "Hilo halijui mtu wa nje," alisema kwa upole. "Hilo hufundishwa bucha, Mzee. Nani alikufundisha?"

"Baba?" Mkutubi aliita. "Babu si alikuwa karani wa mahakama?"

Mzee Bikoni alikuwa bado amepiga magoti, suruali imechanika, kiganja kimechubuliwa na mnyororo. Ghafla alionekana mdogo, kama mtoto aliyeshikwa jikoni. "Babu yako alikuwa na bucha," alisema. "Bucha la mabati, na mbwa watatu mlangoni. Shuleni waliniita Utumbo. Miaka saba, Utumbo, Utumbo. Nilipokwenda kumposa mama yako baba yake aliniuliza maswali manne. Akaniuliza kwetu ni watu gani. Nikamwambia makarani." Alimeza mate. "Nimekaa naogopa miaka thelathini. Nikisikia harufu ya bucha naogopa. Kisha wewe unaniletea hii harufu mpaka barazani."

"Angeniua, Baba," Mkutubi alisema. Hakupaza sauti. "Ulitaka kumuua yeye, na ungeniua mimi."

"Nilitaka akimbie. Walahi, nilitaka nimwone akikimbia tu, nijue kwamba na yeye ni mwoga kama mimi." Akamgeukia Msumeno. "Mbona hukukimbia? Mbona hukukana? Wachinjaji, babu, baba, na mimi, umesema hivyo hivyo, na mbwa yuko kooni!"

Msumeno alitazama mikono yake.

Mlangoni Mama alijipangusa macho kwa kanga yake. "Mimi nilijua," alisema.

"Ulijua nini?"

"Tangu mwaka wa kwanza. Kila tukiwa na wageni unajifungia jikoni kukata nyama, eti mimi nitajikata. Nilichungulia. Karani gani anatenganisha paja na nyonga kwa kisu kidogo bila kutazama?" Akashusha pumzi. "Nilingoja uniambie. Nikachoka kungoja, nikazoea."

Jemadari alikuwa akilivunja goti, na mlio wake ulijaza baraza.

"Na jina lake, Baba," Mkutubi alisema, kwa kuwa sasa hakuwa na cha kuogopa zaidi. "Siyo mlinzi wa mfalme. Ni..."

"Mbwa wa wachinjaji wa Rottweil," Baba alimkatiza. "Kijitabu chake kilikuja pamoja na cheti. Nilikisoma usiku ule ule, nikakichoma. Unadhani kati ya mbwa wote nilimchagua huyu kwa bahati? Nilimwona analala mlangoni pa muuzaji, kidevu juu ya miguu, kama wale wetu watatu. Nikashindwa kumwacha." Alimtazama Msumeno. "Nawe ulikuwa unajua. Nilipokuuliza, niliona unajua."

"Nilijua, Mzee."

"Ungeniaibisha mbele ya binti yangu. Kwa nini ulinyamaza?"

"Nilimwapia yeye," Msumeno alisema, na kwa mara ya kwanza tangu aingie aligeuka kumtazama Mkutubi sawasawa. Macho yake yalikuwa na machozi ya hofu ambayo hayajapata muda wa kukauka. Alimnyooshea mkono amwinue, akaukumbuka ulivyo, akataka kuurudisha. Mkutubi aliudaka kabla haujarudi. Ulikuwa unateleza, una damu, una mafuta, unanuka bucha zima. Aliushika kwa mikono yake miwili akauweka shavuni, na hapo ndipo alipolia, mabega yote yakitikisika, yeye aliyekuwa hajatoa hata chozi tangu saa tisa na robo.

Mzee Bikoni aliinuka kwa shida. Alimwendea mbwa, akaushika mnyororo, akaupitisha kwenye pete ya ukutani akaufunga mara mbili, akaujaribu kwa kuuvuta. Alipogeuka hakuwa na uso wa kumtazama binti yake, naye binti hakumsaidia. Hilo lingehitaji siku nyingi, wote wawili walijua.

"Jumamosi ijayo," alimwambia Msumeno, akitazama vigae, "uje na baba yako. Saa hii hii."

"Ndiyo, Mzee."

"Mje mkitoka kazini, moja kwa moja." Alikohoa, akaufuta uso kwa kiganja kilichochubuka. "Na msinawe."